Ndege Inayosindikiza Ndege

Mapema mwezi wa Januari nilikuwa nikirudi shuleni kutoka Newala. Nilipanda lori analoliendesha baba yangu, nalo lilikuwa limepakia magunia ya korosho ya kuleta Masasi. Baba ni dereva wa miaka mingi, na mteremko ule wa kushuka kutoka juu anaujua kama anavyoujua ua wa nyumba yake. Alitia gia ndogo, akashuka polepole. Mimi nilikaa katikati, utingo alikaa dirishani.

Tulipofika nusu ya mteremko tulisikia honi ya pikipiki nyuma yetu. Baba alidhani kijana wa bodaboda anataka kupita, akampisha. Lakini kijana hakwenda zake. Alikuja sambamba na mlango wa dereva, akapaza sauti: "Mzee, simama! Tairi la nyuma la ndani, upande wa kushoto, linatoa moto!"

Baba alisimamisha lori. Tuliposhuka tuliona kwamba breki ya gurudumu lile ilikuwa imenata na chuma chake kimekuwa chekundu. Mpira wa tairi ulikwisha anza kuwaka. Utingo alikimbilia dumu la maji, lakini baba akamkataza asimwagie maji chuma cha moto kisije kikapasuka. Tukatupia mchanga kwa mikono na kwa sufuria mpaka moto ukazimika. Juu ya tairi lile zilikuwapo tani kadhaa za korosho, na mbele yetu ulibaki mteremko mrefu.

Baba alitaka kumpa kijana fedha ya petroli. Kijana alikataa, akasema, "Hapana, mzee wangu. Leo kwako, kesho kwangu." Akawasha pikipiki akaenda.

Jambo lile lilinikaa moyoni. Baba si mzembe. Vioo vyake viwili vilikuwa safi, na macho yake ni mazima. Kwa nini basi hakuona moto uliokuwa mita chache nyuma ya kiti chake? Nilipofika shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Fizikia. Akanijibu, "Hata rubani wa ndege mpya haoni mkia wake. Ndiyo sababu hapewi ruhusa ya kuruka peke yake. Nenda kasome habari za ndege za kusindikiza, kisha uwaandikie wenzako." Nimefanya kama alivyoniagiza, na haya ndiyo niliyojifunza.

NDEGE YA KUSINDIKIZA NI NINI?

Ndege ya aina mpya ikisha kutengenezwa, hapana budi ijaribiwe angani kabla ya kuchukua abiria. Kazi hiyo hufanywa na rubani wa majaribio. Mahesabu yamekwisha fanywa na wahandisi, na mifano ya ndege hiyo imepimwa katika vyumba vya upepo. Hata hivyo hapana ajuaye kwa yakini itakavyokwenda siku ya kwanza.

Basi, katika safari kama hizo ndege nyingine ya aina iliyokwisha zoeleka huruka karibu na ile mpya. Hukaa ubavuni mwake au nyuma yake kidogo, na marubani wawili hao husemezana kwa redio. Ndege hii ya pili ndiyo tunayoiita ndege ya kusindikiza. Katika desturi zetu mgeni akiondoka humsindikiza mpaka njia panda, tupate kuona kwamba ameshika njia njema. Huku angani msindikizaji haishii njia panda. Akiweza huenda na mwenzake mpaka magurudumu yaguse ardhi.

SOMO LA FIZIKIA LILIMO NDANI YAKE

Huenda mwanafunzi wa kidato cha kwanza akauliza: Ndege inakwenda kilomita 500 kwa saa. Mtu awezaje kutazama misumari na vifuniko vyake vidogo?

Jibu liko katika somo la mwendo wa kulinganisha. Mtu aliyesimama chini akitazama ndege ya kilomita 500 kwa saa huiona ikimpita mara moja tu. Lakini mtu aliye katika ndege nyingine inayokwenda upande ule ule kwa mwendo ule ule, yeye huiona kama imesimama. Tofauti ya mwendo wao ni 500 kutoa 500, yaani sifuri. Kwa hiyo aweza kuizunguka polepole, akapita chini ya tumbo lake, akatazama mkia, akapiga picha, kama fundi anayeizunguka gari gereji. Kijana wa bodaboda alifanya vivyo hivyo. Mtu aliyekaa kando ya barabara angeona lori likipita na moshi kidogo tu. Yeye aliyekwenda kwa mwendo wetu aliona ni tairi gani, la upande gani.

KAZI ZA MSINDIKIZAJI

Kwanza, yeye ni jicho. Rubani huona mbele na pembeni kidogo. Hawezi kuona tumbo la ndege yake, wala mkia, wala injini zilizo nyuma. Saa zilizo mbele yake humwambia mambo mengi, lakini saa yenyewe yaweza kuwa mbovu. Taa ikimwambia kwamba magurudumu hayakutoka, je, ni magurudumu yaliyokwama au ni taa iliyoharibika? Msindikizaji hutazama na kumjibu. Kadhalika mafuta yakivuja, kifuniko kikifunguka, au moshi ukitoka, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Pili, yeye ni kipimo. Chombo kinachopima mwendo wa ndege hutumia kani ya hewa inayoingia katika bomba dogo. Katika ndege mpya hewa yaweza kupindapinda karibu na bomba hilo, na saa ikasema uongo. Tuseme ndege mbili zinakwenda sambamba bila moja kuipita nyingine. Saa ya msindikizaji, iliyokwisha hakikiwa, yasema 400, na saa ya ndege mpya yasema 388. Mara moja wahandisi wanajua kwamba katika mwendo ule saa mpya inapunguza 12.

Tatu, yeye ni shahidi. Hupiga picha ili waliobaki chini waone yaliyotokea angani. Likitokea la kutokea, wanayo picha ya kuchunguza.

Nne, yeye ni mlinzi. Rubani wa majaribio ameinamia vyombo vyake. Msindikizaji huangalia ndege nyingine zisikaribie. Na rubani akilazimika kuruka kwa parashuti, msindikizaji huzunguka juu yake na kuwaambia waokoaji mahali alipoangukia.

MIFANO KUTOKA HISTORIA

Tarehe 14 Oktoba 1947 huko California, Marekani, rubani Chuck Yeager alikuwa mtu wa kwanza kuipita sauti katika ndege inayokwenda sambamba na ardhi. Ndege yake ilikuwa Bell X-1, iliyosukumwa kwa roketi na kubebwa juu chini ya tumbo la ndege kubwa ya B-29. Katika kimo cha futi 43,000 hivi alifikia kilomita 1,127 kwa saa, yaani mara 1.06 ya mwendo wa sauti mahali pale. Vitabu vingi humtaja Yeager peke yake. Lakini siku ile walikuwapo angani wasindikizaji wawili, Bob Hoover na Dick Frost.

Tena, siku nne kabla yake, yaani tarehe 10 Oktoba, wakati Yeager alipokuwa akishuka, kioo cha mbele kiliganda barafu kwa ndani. Hakuweza kuona nje. Roketi ilikwisha zimwa, na ndege isiyo na nguvu haiwezi kuzunguka tena ijaribu mara ya pili. Wasindikizaji walimwongoza kwa sauti, kama mtu amwongozavyo kipofu kwa kumwambia shuka, inua, kulia kidogo, mpaka akatua salama katika ziwa lililokauka. Kama angekuwa peke yake angani siku ile, huenda tarehe 14 isingefika kwake.

Baadaye ilikuja X-15, iliyoruka mara 199 kati ya mwaka 1959 na 1968. Tarehe 3 Oktoba 1967 ndege hii ilifikia kilomita 7,274 kwa saa. Je, nani awezaye kuisindikiza? Hapana. Kwa hiyo wasindikizaji walipangwa njiani, kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti. Mmoja alikuwapo mahali pa kuachiwa, wengine walingoja mbele karibu na maziwa makavu ambapo X-15 ingeweza kutua kwa dharura, na wa mwisho alingoja karibu na uwanja wa Edwards, akaipokea ilipokuwa ikishuka.

Tarehe 14 Aprili 1981 chombo cha angani Columbia kilirudi kutoka safari yake ya kwanza ya kuizunguka dunia. Kilishuka bila injini kama mwewe aliyetandaza mbawa, na nahodha wake alikuwa John Young. Ndege ndogo ya T-38 ilikuja ubavuni mwake na kumhesabia kimo kilichobaki mpaka magurudumu yakagusa. Kwa nini mtu mwenye vyombo vingi vile ahesabiwe futi? Kwa sababu juu ya ziwa kavu hapana mti wala nyumba ya kulinganisha, na jicho laweza kudanganyika juu ya urefu.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya roketi. Yanatuhusu nini sisi wa Masasi?" Yanatuhusu. Mwezi wa Julai 2018 shirika letu la Air Tanzania lilipokea ndege yake ya kwanza ya Boeing 787, iitwayo Dreamliner. Ndege ya aina hiyo iliruka kwa mara ya kwanza kabisa tarehe 15 Desemba 2009 katika jimbo la Washington, Marekani. Haikuruka peke yake. Ilisindikizwa na ndege mbili ndogo za T-33. Yafaa tujue kwamba T-33 ya kwanza iliruka mwaka 1948. Kwa hiyo ndege mpya kabisa ya dunia ilitolewa nyumbani na wazee wa aina iliyozaliwa miaka 61 kabla yake. Msindikizaji hatakiwi awe mpya wala mzuri wa sura. Hutakiwa awe anajulikana tabia zake na aweze kwenda mwendo wa mwenziwe.

Concorde nayo, ile ndege ya abiria iliyoipita sauti, iliporuka mara ya kwanza huko Toulouse, Ufaransa, tarehe 2 Machi 1969, chini ya rubani André Turcat, ilisindikizwa. Na kazi hii haijapitwa na wakati. Tarehe 28 Oktoba 2025 ndege ya X-59, inayojaribiwa ili ipite mwendo wa sauti bila kishindo kikubwa, iliruka kwa mara ya kwanza huko California, nayo ilikuwa na msindikizaji.

MAMBO ASIYOWEZA MSINDIKIZAJI

Ndugu wasomaji, ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba msindikizaji huondoa kila hatari. Ipo mifano miwili ya kutufundisha.

Wa kwanza unatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Ndege ya de Havilland Comet, ya kwanza duniani ya abiria kutumia injini za jeti, iliruka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1949. Mwaka 1950 ililetwa Khartoum na Nairobi ili ijaribiwe katika joto na katika kimo. Nairobi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hupata nguvu kidogo ya kuinua na injini hupata hewa kidogo ya kuchoma mafuta, kwa hiyo ndege yahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Comet ilifaulu majaribio hayo, na tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari za abiria kutoka London mpaka Johannesburg, ikipitia Entebbe, Uganda.

Lakini tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo nyingine ilianguka baharini karibu na Naples, na watu 21 wakafa. Wataalamu wa Farnborough waliitia Comet nzima ndani ya tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza kani ya ndani mara nyingi sana, kama vile inapanda na kushuka, mpaka bati lake likapasuka. Wakajua kwamba chuma kilikuwa kinachoka. Nyufa zilianza katika pembe za matundu yaliyokatwa katika bati, zikakua kidogo kidogo kwa kila safari.

Je, msindikizaji angeiona hatari ile? Asingeiona. Ufa mdogo kama unywele hauonekani kutoka ndege nyingine, na ndege hupasuka baada ya safari mamia, wala si siku ya kwanza. Jicho la nje laona moshi, haliwezi kuona uchovu wa chuma. Kwa hilo yatakiwa maabara na subira. Comet ilirekebishwa, na mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki la wakati ule lilianza kutumia Comet 4.

Mfano wa pili ni wa tarehe 8 Juni 1966. Ndege kubwa ya majaribio XB-70 iliruka pamoja na ndege nne ndogo ili zipigwe picha za pamoja. Mmoja wa marubani wa ndege ndogo alikuwa Joe Walker, bingwa aliyeipeleka X-15 mpaka kimo cha kilomita 107 na zaidi mwaka 1963. Ndege yake ya F-104 iligusana na XB-70, na zote mbili zikaanguka. Walker alikufa, na Carl Cross aliyekuwa ndani ya XB-70 alikufa pia. Mwenzake Al White alinusurika.

Twajifunza nini? Kwamba kusindikiza ni kazi yenye kiasi chake. Ukikaa mbali mno huoni kitu, na ukikaribia mno wewe mwenyewe unakuwa hatari kwa yule unayemlinda. Tena usimkaribie mwenzako kwa ajili ya picha nzuri, bali kwa ajili ya kazi.

FAIDA KWETU

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Si kwamba hajui kazi. Anajua, lakini kisogo chake hakioni. Baba yangu hakukosa ujuzi siku ile, alikosa mahali pa kusimama pa kuonea tairi la ndani. Rubani wa majaribio ni katika marubani hodari kuliko wote, na yeye ndiye anayepewa msindikizaji. Hapana anayemwona dhaifu kwa sababu hiyo.

Nitakiri jambo moja. Muhula uliopita nilikuwa nikikosa majibu ya majaribio ya maabara, nikalaumu vyombo. Baada ya kusoma habari hizi nilimwomba mwenzangu wa dawati asimame kando yangu nikipima maji katika silinda ya vipimo, asiseme lolote mpaka nimalize. Nilipomaliza alisema, "Ndugu yangu, kila mara unasoma ukiwa umesimama. Jicho lako liko juu ya mstari." Muhula mzima nilikuwa nikikosa kwa sababu ya shingo yangu, na mimi mwenyewe nisingeweza kuiona. Sasa tumeagana kwamba yeye atanitazama mimi, na mimi nitamtazama yeye.

Baba naye amebadili desturi. Kabla ya kuuanza mteremko husimama juu, yeye na utingo huzunguka lori, na hugusa kila gurudumu kwa nyuma ya mkono. Na sasa akisikia honi nyuma yake hasemi tena, "Vijana hawa wana haraka." Husikiliza kwanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ndege mpya inakwenda kilomita 420 kwa saa. Msindikizaji yuko mita 500 nyuma yake, akienda kilomita 430 kwa saa upande ule ule. Atamfikia baada ya dakika ngapi?

2. Ikiwa mwendo wa sauti katika futi 43,000 ni kilomita 1,062 kwa saa, hakikisha kwamba kilomita 1,127 kwa saa ni mara 1.06 ya mwendo huo.

3. Kwa nini ndege hujaribiwa mahali pa juu na penye joto kama Khartoum na Nairobi kabla ya kuanza safari za abiria?

4. Taja hatari moja ambayo msindikizaji aweza kuiona, na moja ambayo hawezi kuiona. Eleza sababu.

Jibu la swali la kwanza ni dakika 3. Mengine jadilianeni, na kila mmoja amsahihishe mwenziwe.